NCHI JIRANI: ARDHI INAYODIDIMIA AFRIKA KUSINI

Jimbo la Gauteng nchini Afrika Kusini ni dogo kuliko majimbo yote ya nchi hiyo kwa eneo, lakini ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 15. Ndani yake mna Pretoria, makao ya serikali, na Johannesburg, mji uliozaliwa na dhahabu. Robo moja hivi ya ardhi ya jimbo hilo imelala juu ya mwamba uitwao dolomiti, mwamba ambao maji huula polepole na kuacha mapango ndani yake. Wataalamu wa nchi hiyo wamekadiria kwamba watu kati ya milioni 4 na milioni 5 wanaishi au wanafanya kazi juu ya mwamba huo. Mara kwa mara udongo uliofunika pango huporomoka, na chochote kilichokuwa juu yake, kiwe barabara, nyumba au kiwanda, huzama. Tangu miaka ya 1960 watu karibu 40 wamepoteza maisha kwa namna hiyo.

Idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya wale wanaouawa na magari barabarani, na yumkini msikilizaji akauliza kwa nini serikali itumie fedha na wataalamu wengi kwa jambo hilo. Jibu ni kwamba hatari hii haina msimu wala haitoi taarifa ya kutosha. Mafuriko huonekana yakija; shimo la kudidimia hufunguka chini ya kitanda cha mtu aliyelala. Tena liko jambo jingine linalowahusu hasa askari na polisi. Shimo linapofunguka, wao ndio wa kwanza kuitwa. Na serikali inapoamua kwamba watu wahame kabla shimo halijafunguka, wao ndio wanaotumwa kuwahamisha. Majeshi ya Tanzania na ya Afrika Kusini yamekwisha kuwa bega kwa bega katika Kongo, tangu brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 2013 pamoja na Malawi, na yafaa askari wa upande huu wajue wenzao wa upande ule wanakutana na nini nyumbani kwao.

Kwanza ieleweke jinsi shimo linavyotokea. Maji ya mvua yakipita hewani na kwenye udongo hupata ukali kidogo, mfano wa ukali wa soda iliyopoa. Ukali huo hauudhuru mwamba wa matale, lakini dolomiti huyeyuka kwao. Dolomiti ya Gauteng ina umri wa miaka zaidi ya bilioni 2, na katika muda huo maji yamepenya kwenye nyufa zake, yakazipanua zikawa mifereji, na mifereji ikawa mapango. Yasiyoyeyuka yamebaki juu: vipande vya jiwe gumegume, na udongo mweusi mwepesi wenye manganizi, ulio laini kiasi cha kupukutika mkononi. Udongo huo ndio mlango wa hatari. Maji yakipita ndani yake kwa wingi huubeba na kuutumbukiza pangoni. Uwazi hupanda juu hatua kwa hatua, kama dari inavyoliwa na mchwa, mpaka tabaka la mwisho linashindwa kujibeba. Mwenye nyumba aliye juu haoni kitu, au huona tu ufa ukutani na mlango ambao jana ulifungwa vizuri na leo unakwama.

Yako mambo mawili yanayoharakisha uharibifu huo, na yote mawili ni kazi ya binadamu. La kwanza ni kuyashusha maji yaliyo chini ya ardhi, ambayo yalikuwa yameyajaza mapango na kusaidia kuubeba udongo ulio juu. La pili ni kumwaga maji juu ya ardhi mahali pamoja, hasa kwa bomba linalovuja. Historia ya Afrika Kusini imeyaonyesha yote mawili, moja baada ya jingine.

Magharibi ya Johannesburg, kuelekea Carletonville, dhahabu iko chini sana, na juu yake mna dolomiti iliyojaa maji. Mwamba huo umekatwa vipande na kuta za mwamba mwingine, zilizopanda kutoka chini zikiwa moto zikaganda. Kila kipande kimekuwa kama tangi lenye kuta zake. Ili kufikia dhahabu bila ya kuzamishwa, makampuni ya migodi yalitaka kuyakausha matangi hayo. Mwaka 1960 kamati ya serikali iliyolichunguza suala hilo ilikubaliana na ukaushaji, na pampu zikaendelea kufanya kazi usiku na mchana. Chemchemi zilizokuwa zikinywesha mashamba kwa vizazi zilikauka. Ardhi nayo ikaanza kudidimia.

Tarehe 12 Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein, jengo zima la mtambo wa kuponda mawe lilizama ardhini. Watu 29 walikufa. Shimo lilikuwa na upana wa meta 55 hivi na kina cha meta 30. Hata mwaka wa pili haukutimia baada ya hapo, mwezi Agosti 1964, ardhi ilifunguka chini ya nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa Blyvooruitzicht, ulio karibu, ikameza nyumba pamoja na watu 5 wa familia moja. Mashimo mengine mengi yalitokea katika miaka hiyo, yakala barabara, mashamba na viwanja.

Serikali ya makaburu iliunda mwaka huo wa 1964 kamati ya wataalamu ya kuratibu uchunguzi wa mashimo hayo, na makampuni ya migodi yakaunda chama cha kulipa fidia kwa wenye mashamba waliopoteza maji yao na ardhi yao. Hapo ndipo mahali pa kweli pa kuanzia historia ya ramani za hatari hiyo. Wachunguzi walipima kina cha maji, wakaweka alama za kupimia ardhi inayoshuka, wakachoronga, wakachora. Kazi yao ilikuwa nzuri, na matunda yake yanatumika hata sasa. Lakini uamuzi mkubwa ulikuwa umekwisha kutolewa kabla yao: dhahabu ilikuwa imetangulia, na wao waliitwa kuhesabu gharama. Maji ya mto Wonderfonteinspruit, ambayo yangeingia tena ardhini na kurudi migodini, yalitiwa katika bomba lenye kipenyo cha meta 1 na kupitishwa juu ya ardhi kavu kwa kilometa zipatazo 30.

Ni vema kukumbuka pia nani walikuwa wakichimba dhahabu hiyo. Walikuwa Waafrika, wengi wao vibarua wa mkataba kutoka Lesotho, Msumbiji, Nyasaland na kwingineko. Hata Tanganyika ilitoa watu wake kupitia shirika la WENELA, mpaka ilipopata uhuru na kukomesha uandikishaji huo. Vijiji walivyojengewa Waafrika karibu na migodi viliwekwa mahali ambapo utawala uliona panafaa, na kitongoji cha Khutsong, karibu na Carletonville, kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 juu ya dolomiti ile ile.

Migodi yenyewe ilipata onyo lake. Tarehe 26 Oktoba 1968 maji kutoka katika tangi jirani lililokuwa halijakaushwa yaliingia kwa nguvu ndani ya West Driefontein. Wafanyakazi zaidi ya 13,000 walipandishwa juu, na baada ya mapambano ya siku nyingi mgodi uliokolewa kwa kuziba njia za chini kwa vizibo vya zege. Badala ya kuogopa, wakubwa wa migodi waliamua kulikausha na tangi hilo pia.

Hayo ni ya magharibi. Kusini ya Pretoria mambo ni ya namna nyingine. Mji wa Centurion, ambao hadi mwaka 1995 uliitwa Verwoerdburg kwa jina la yule waziri mkuu wa ubaguzi, haukukaushwa na migodi. Hata hivyo mashimo ya kudidimia yameonekana huko kwa mamia. Wataalamu walipoyachunguza moja moja waligundua kwamba zaidi ya tisini katika kila mia yalisababishwa na maji yaliyomwagika kutoka kwenye mabomba, mifereji ya maji machafu, mabwawa ya kuogelea na mitaro isiyo na mteremko mzuri. Kwa maneno mengine, jiji linapojengwa juu ya dolomiti, adui wake mkubwa ni bomba lililozeeka. Barabara ya Jean Avenue, ambayo ni njia kubwa ya mji huo, ilifungwa kwa miaka kwa ajili ya mashimo.

Ndani ya ukanda huo huo wa Centurion na Pretoria zimo kambi kubwa za jeshi la nchi hiyo: Thaba Tshwane, ambayo zamani iliitwa Voortrekkerhoogte, na kiwanja cha ndege za jeshi cha Waterkloof. Kambi ya jeshi ni kama mji. Ina nyumba za familia, mabweni, majiko, sehemu za kuoshea magari, na mabomba yaliyotandazwa zamani na watu waliokwisha kustaafu. Wizara ya Ujenzi ya Afrika Kusini, ambayo ndiyo inayosimamia majengo ya serikali, ilitoa mwongozo maalumu kwa wahandisi wanaojenga juu ya dolomiti, na kambi zikaingizwa katika mpango wa kuangalia hatari. Mpango huo kwa sehemu kubwa ni kazi ya fundi bomba: kupima mabomba kwa mgandamizo ili kujua yanapovuja, kuondoa mabomba ya vigae yenye viungo vingi na kutia ya plastiki yaliyounganishwa kwa moto, kuzibua mitaro, kuzuia maji ya paa yasisimame penye msingi, na kuandika kila kilichoonekana katika daftari. Sajini wa robo anayeona unyevu chini ya bomba na kuunyamazia mpaka mwezi ujao, katika kambi ya kawaida amepoteza maji. Katika kambi ya Thaba Tshwane anaweza kupoteza bweni.

Sasa kuhusu ramani zenyewe. Kazi hiyo iko mikononi mwa Baraza la Sayansi ya Ardhi lililoko Pretoria, ambalo ni mrithi wa idara ya upimaji wa miamba iliyoanzishwa mwaka 1912. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyoliunda baraza hilo, na marekebisho ya mwaka 2010 yakaliongezea wajibu wa kuishauri serikali juu ya hatari zitokanazo na ardhi. Kupima kunaanza juu. Wapimaji hupita na chombo kinachopima tofauti ndogo sana za nguvu ya mvutano wa ardhi. Pale penye mwamba mzito karibu, nguvu huzidi. Pale penye udongo mwepesi au uwazi, hupungua. Vipimo hivyo huonyesha mahali mwamba umeinuka na mahali umeingia chini kama bonde lililofunikwa.

Chombo hicho hakitoshi. Baada yake huja mtambo wa kuchoronga. Fundi huandika muda uliotumika kwa kila meta, kwani pale keekee linaposhuka ghafla bila ya kupingwa, limekutana na uwazi. Huandika pia kama hewa inayosukumwa ndani inarudi juu au imepotea. Uchorongaji hauishii pale keekee linapogusa jiwe la kwanza, kwa sababu jiwe hilo laweza kuwa pande linaloelea katika udongo laini. Hapana budi kuendelea meta kadhaa ndani ya mwamba mgumu kabla ya kusema kwamba msingi umefikiwa. Kina cha maji hupimwa nacho, tena kwa miaka, si kwa siku moja. Katika miaka ya karibuni watafiti wamejaribu pia picha za rada zinazopigwa na satelaiti, ambazo huweza kuonyesha ardhi iliyoshuka kwa milimeta chache.

Matokeo yote hayo hutiwa katika madaraja. Mashimo hugawanywa kwa upana: yasiyozidi meta 2 huitwa madogo, yanayofika meta 5 ni ya wastani, yanayofika meta 15 ni makubwa, na yanayozidi hapo ni makubwa mno. Kila kipande cha ardhi hupewa moja ya madaraja 8 ya hatari kufuatana na ukubwa wa shimo linaloweza kutokea na wepesi wa kutokea kwake. Kisha wajenzi hupewa amri iliyo rahisi zaidi, yenye herufi D na namba kutoka 1 hadi 4. Katika D1 mtu hujenga bila ya tahadhari maalumu. Katika D2 na D3 tahadhari zinaongezeka, hasa za maji. D4 maana yake ni kwamba tahadhari za kawaida hazitoshi kuifanya ardhi hiyo ifae. Kanuni hizo zilichapishwa mwaka 2012 kuwa kipimo cha taifa. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1998 ya kuwalinda wanunuzi wa nyumba ilikuwa imekwisha kuwabana wajenzi wa nyumba mpya, wasijenge juu ya dolomiti bila ya uchunguzi.

Pale penye fedha, kanuni hizo zimefuatwa vizuri. Reli ya mwendo wa kasi ya Gautrain, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2010, inapopita Centurion imeinuliwa juu ya madaraja marefu, na nguzo zake ziliwekwa baada ya kuchorongwa kwa mashimo mengi ya uchunguzi.

Pale pasipo fedha, hadithi ni tofauti. Ramani haizibi bomba. Halmashauri ya mji inaweza kuwa na karatasi nzuri inayoonyesha hatari kwa rangi nyekundu, na chini ya rangi hiyo hiyo ikawa na mabomba ambayo hayajabadilishwa tangu yalipotandazwa. Katika Merafong, halmashauri inayozihudumia Carletonville na Khutsong, migodi imepunguza kazi, mapato yamepungua, na mashimo hayakungoja. Mpango wa kuwahamisha maelfu ya watu wa Khutsong kwenda kwenye ardhi iliyo salama zaidi umekwenda kwa miaka mingi, huku wengine wakipata nyumba mpya na wengine wakibaki kungoja kando ya uzio uliozungushiwa shimo. Ni vigumu kumlaumu mkazi anayeambiwa kwamba ardhi yake ni hatari na kwamba hakuna pa kwenda, kama akiamua kubaki.

Jambo hilo la kuhamisha watu ndilo lililofikishwa mahakamani, na kila polisi angefaa kulijua. Mashariki ya Johannesburg, katika Bapsfontein, palikuwa na makazi ya watu maskini waliojijengea vibanda juu ya dolomiti. Uchunguzi ulionyesha kwamba ardhi hiyo ilikuwa na hatari. Mwezi Desemba 2010 halmashauri ya jiji la Ekurhuleni ilitangaza hali ya maafa, na katika miezi iliyofuata ikaanza kuwaondoa watu na kuvunja vibanda vyao, bila ya amri ya mahakama. Ilitegemea sheria ya maafa ya mwaka 2002, inayoruhusu watu waondolewe mahali pa hatari. Wakazi walikwenda mahakamani. Katika Mahakama Kuu hawakufanikiwa, wakafika mpaka Mahakama ya Katiba.

Hukumu ilitolewa tarehe 6 Desemba 2011. Mahakama haikukataa kwamba hatari ilikuwapo. Ilichokitenganisha ni vitendo viwili ambavyo kwa macho ya askari aliye kazini vinafanana. Kitendo cha kwanza ni kuwatoa watu kwa muda na kuwapeleka penye hifadhi ili kuokoa maisha yao. Sheria ya maafa inaruhusu. Kitendo cha pili ni kumfukuza mtu katika makao yake na kuyabomoa. Hicho Katiba ya Afrika Kusini inakikataza pasipo amri ya mahakama iliyozingatia mambo yote yanayohusika. Halmashauri ilikuwa imevaa vazi la kitendo cha kwanza na kutenda cha pili. Mahakama ikasema uhamishaji ule ulikuwa kinyume cha sheria, ikaiamuru halmashauri itafute ardhi ya kuwaweka watu hao na kutoa taarifa. Mwaka 2015, na tena mwaka 2016, shauri hilo lilirudi mbele ya mahakama hiyo hiyo, kwa sababu amri ya kwanza ilikuwa haijatekelezwa na watu walikuwa bado hawajapata nyumba.

Wako waliosema kwamba mahakama ilifunga mikono ya serikali mbele ya hatari. Hoja hiyo haina nguvu. Hakuna neno katika hukumu hiyo linalomzuia polisi kumbeba mtoto na kumtoa katika nyumba inayopasuka. Kinachozuiwa ni kuitumia nyumba inayopasuka kuwa sababu ya kusafisha mtaa mzima na kusahau watu wake mahali pengine. Watu wa Afrika Kusini wanao ukumbusho mrefu wa kuhamishwa kwa nguvu, na polisi wa leo analipa deni la polisi wa zamani kila anapogonga mlango na kusema kwamba ardhi si salama. Watu huuliza: ni ardhi gani isiyo salama, na ni nani atakayepewa tukiondoka? Ramani iliyofichwa ofisini huongeza shaka hiyo. Ramani iliyobandikwa penye baraza la mtaa, na kuelezwa kwa lugha ya watu wenyewe, huipunguza, ijapokuwa haiwezi kuiondoa.

Ama kazi ya siku ile shimo linapofunguka, uzoefu wa huko umeacha mafunzo yaliyo wazi. Jambo la kwanza ni kufunga maji, hata kabla ya kuanza kushangaa shimo, kwani bomba lililokatika linaendelea kumwaga na shimo linaendelea kukua. Kingo za shimo ni za kuogopwa kuliko shimo lenyewe: aghalabu uwazi ulio chini ni mpana kuliko mdomo ulio juu, na mtu anayesimama ukingoni kupiga picha amesimama juu ya ganda. Kwa hiyo kamba ya kuzuia watu huwekwa mbali, magari mazito ya jeshi na ya zimamoto hayasogei karibu, na mwokoaji anayelazimika kusogea hufungwa kamba iliyoshikiliwa kutoka kwenye ardhi imara. Umeme na gesi hukatwa. Nyumba za jirani hukaguliwa zote, moja baada ya moja. Na jambo ambalo mtu huweza kulitenda kwa nia njema likaleta madhara ni kutupa taka na vifusi shimoni ili lijae. Wahandisi hulijaza kwa utaratibu, mawe makubwa kwanza yaizibe koo ya shimo, kisha madogo zaidi, kisha udongo ulioshindiliwa, mahali pengine ukichanganywa na saruji. Shimo lililozibwa kwa taka hufunguka tena.

Mwamba wa namna hii hautambui mipaka. Dolomiti iliyo chini ya Ramotswa, nchini Botswana, inaendelea mpaka upande wa Afrika Kusini, na nchi hizo mbili zinachota maji katika hifadhi moja ya chini ya ardhi. Lusaka, mji mkuu wa Zambia, umekaa kwa sehemu kubwa juu ya miamba ya aina hiyo, na unachota humo sehemu ya maji yake. Kenya nayo, mwezi Machi 2018, iliona ardhi ikipasuka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok, ingawa huko udongo ni wa majivu ya volkano na wataalamu walibishana juu ya chanzo chake. Katika Tanzania yenyewe, mtu aliyeingia katika mapango ya Amboni, karibu na Tanga, ameona kwa macho yake maji yanavyoweza kulifanya jiwe la chokaa.

Huko Gauteng swali lililo mbele ya serikali sasa limegeuka. Kwa zaidi ya miaka 60 pampu za migodi zimeyashikilia maji chini. Lakini dhahabu inakwisha. Mgodi wa Blyvooruitzicht, ule ule wa mwaka 1964, uliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2013, na ijapokuwa baadaye ulipata wenyewe wapya na kufunguliwa, umeonyesha jinsi mgodi unavyoweza kusimama kwa siku chache tu. Pampu zikizimwa zote, maji yatapanda tena katika matangi yaliyokaushwa. Wako wataalamu wanaosema kwamba maji hayo yataibeba tena ardhi na chemchemi zitarudi. Wako wanaosema kwamba yakipanda yatalainisha udongo uliojaza mashimo ya zamani na kufungua mapya, juu ya ardhi ambayo sasa ina watu wengi kuliko ilivyokuwa pampu zilipowashwa. Nani atalipa umeme wa pampu hizo baada ya mwenye mgodi kuondoka, na kwa miaka mingapi, ni jambo ambalo serikali, makampuni na halmashauri za mji bado wanavutana juu yake.